Dereva Akianguka na Mzigo wa Tajiri

Wengi mnaonisoma hapa mnanijua kwa habari za pini ya kodi ya KRA, fomu za mkopo wa masomo za HELB na usajili wa bima ya afya ya SHA. Nina saiba, duka la kompyuta na kuchapisha, Bombolulu hapa Mombasa, na ninayoandika huwa ni yale ninayoulizwa kaunta. Leo naandika kuhusu fomu ambayo karibu hakuna anayekuja kuniuliza, nayo ndiyo iliyotuokoa nyumbani kwangu mume wangu alipovunjika mguu. Ni fomu ya kuripoti ajali ya kazini, ile inayokwenda kwa idara ya usalama na afya kazini, DOSH. Sheria yenyewe, ile ya fidia kwa anayeumia kazini, watu huiita WIBA. Sheria hii na M-Pesa ni rika moja, zote zilizaliwa 2007. M-Pesa inajulikana mpaka na bibi zetu wasiojua kusoma, lakini WIBA hata mtu anayebeba mizigo ya tajiri kutwa kucha hajaisikia.

Siku hizi Mombasa kila kitu kinaletwa mlangoni. Gesi, maji ya kunywa, mkate, dawa, biriani ya Ijumaa. Wanaoleta ni waume zetu na wadogo zetu, kwa pikipiki, kwa tuktuk za mzigo, kwa Probox zilizotolewa viti vya nyuma. Mmoja akianguka, utasikia tu, "Kuna ajali ya boda pale Saba Saba." Polisi anaandika ajali ya barabarani. Hospitali inaandika ajali ya barabarani. Majirani wanasema ni kudra ya Mungu, na kweli ni kudra. Lakini hakuna hata mmoja aliyeandika kwamba mtu huyu alikuwa kazini, ametumwa, na mzigo uliomwangukia una mwenyewe. Miezi ikipita na yeye akaanza kuuliza haki yake, anatafuta karatasi moja inayosema alikuwa kazini, haipati. Kesi nyingi nilizoziona zinakufia hapo hapo, kabla hata ya kufika kwa ofisa yeyote.

Baba watoto alikuwa akipeleka gesi kwa pikipiki ya tajiri wake, kutoka ghala la kisiwani hadi majumbani kwa watu Nyali, Kongowea, mpaka Bamburi. Mtungi wa kilo 13 ukijaa, ukiongeza na chuma chenyewe, unapita kilo 25. Yeye alikuwa akifunga mitatu nyuma, kwenye kizimba cha vyuma alichochomelewa na fundi. Asubuhi moja ya masika, barabara imelowa, akiteremka daraja la Nyali kuingia upande wa Kongowea, matatu ikamkata ghafla ili ishushe abiria. Akashika breki. Mitungi ikamsukuma kwa nyuma, pikipiki ikalala na mguu wake wa kulia uko chini yake. Alhamdulillahi hakuna mtungi uliovuja, maana pale pana mama wa mboga na watoto wa shule wanaovuka. Mfupa wa muundi ulivunjika mahali pawili. Akafanyiwa upasuaji, akawekwa chuma.

Tajiri alikuja wodini siku ya pili yake. Nataka nimtendee haki: alikuja mwenyewe, alileta matunda, alisimama pale kitandani akasema, "Pole sana kijana wangu, Mungu atakufanyia wepesi." Alilipa na sehemu ya gharama za upasuaji. Kisha mwezi ukaisha, nikaona mshahara umeingia nusu. Nikapiga simu. Karani wake akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba mgonjwa ana siku saba za mshahara kamili na siku saba za nusu mshahara, na zimeshakwisha.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma. Zile siku saba na saba zipo kweli, ziko kwenye Sheria ya Ajira, lakini zile ni za mtu aliyeugua, homa au tumbo. Mtu aliyeumia akifanya kazi ya mwajiri ana sheria yake peke yake. Ukishindwa kufanya kazi siku tatu au zaidi kwa sababu ya ajali ya kazini, WIBA inasema ulipwe mapato yako muda wote uko nje ya kazi, mpaka miezi kumi na miwili. Gharama za matibabu ni za mwajiri. Na ukipona lakini ukabaki na ulemavu, unalipwa fidia yake mbali.

Kabla sijamaliza kusoma, yule karani akaja nyumbani. Nilimkaribisha vizuri, nikamwekea chai na mahamri, maana mgeni ni mgeni. Akatoa bahasha. Ndani mlikuwa na karatasi moja iliyochapwa, na shilingi elfu thelathini. Karatasi inasema mfanyakazi amepokea fedha hizo kama msaada, kwa hiari yake, na hatakuwa na dai lolote tena dhidi ya kampuni, leo wala siku nyingine. Chini mstari wa sahihi. Baba watoto yuko kwenye godoro, mguu umepandishwa juu ya mto, naona macho yake yanaangalia zile pesa. Kodi ya nyumba ilikuwa haijalipwa. Mimi nafanya kazi ya karatasi, najua karatasi inayokuja na pesa mkononi inataka nini. Nikaisoma mara mbili, nikairudisha kwenye bahasha na pesa zake.

"Kaka," nikamwambia, "chai kunywa, mahamri kula. Lakini hii rudi nayo."

"Shemeji, tajiri ana nia njema."

"Kama ana nia njema, aripoti ajali."

Baadaye nilikuja kujua kwamba hata tungetia sahihi, makubaliano ya kumfanya mfanyakazi aache haki yake ya WIBA hayana nguvu kisheria. Nawaambia hili kwa sababu najua wako wanaosoma hapa waliokwisha kutia sahihi karatasi kama ile na wakadhani mambo yamekwisha. Nendeni mkaulize. Msikae na huzuni hiyo bure.

Sasa tajiri akabadilisha maneno. Akasema baba watoto hakuwa mfanyakazi wake, ni kijana wa boda aliyekuwa akimpa kazi ya safari safari. Hakuwa amempa mkataba wa maandishi, kwa hivyo aliona ameshika pazuri. Kumbe Sheria ya Ajira inasema kazi ikifika miezi mitatu, mkataba lazima uandikwe, na wajibu wa kuuandika ni wa mwajiri. Mambo yakifika mahakamani na yeye hana mkataba wa kutoa, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi unamwangukia yeye. Na kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa jumla ya mwezi au zaidi, sheria inamhesabu kuwa mfanyakazi wa mshahara wa mwezi. Tajiri wengi wa hapa hawajui hivyo, au wanajua na wanatumai wewe hujui.

Lakini sheria ikiwa upande wako bado unatakiwa kuonyesha. Na hapa nataka mnisikilize vizuri.

Cha kwanza nilichokitafuta ni kile kitabu chake cha risiti za mzigo. Ni kitabu cha kawaida, cha karatasi za rangi na kaboni katikati. Mteja anatia sahihi, nakala moja inabaki. Siku ya ajali kilikuwa ndani ya koti lake la mvua. Muuguzi alinipa nguo zake kwenye mfuko wa plastiki, na kitabu kimo humo, kimelowa chapachapa, kurasa zimegandana, jalada lina oili na damu. Kilikaa hivyo siku kadhaa kwa sababu akili yangu ilikuwa kwa mgonjwa. Nilipokitoa nilikipachua ukurasa mmoja mmoja kwa kisu cha siagi, nikaweka vipande vya magazeti katikati, nikakiacha chini ya feni ya saiba usiku kucha. Wino wa kalamu ya mpira haukuwa umetoka sana. Ukurasa wa siku ile ulikuwa na wateja wawili waliokwisha kupokea, na saa zimeandikwa kwa mwandiko wake, na mteja wa tatu ameandikwa jina la mtaa na idadi ya mitungi, mahali pa sahihi ni patupu. Mteja huyo ndiye aliyekuwa akimwendea. Juu ya kila ukurasa kuna muhuri wa kampuni. Nilipiga picha ukurasa ule kabla sijamwonyesha mtu yeyote.

Kisha nikachapisha taarifa ya M-Pesa yake. Hii ndiyo kazi yangu ya kila siku, naifanya na macho yamefumba: unaomba taarifa kwa simu, inakuja kwa barua pepe ikiwa imefungwa kwa namba ya siri, unaifungua, unaichapisha. Kila mwisho wa mwezi kuna pesa zinazoingia kutoka namba ile ile, kiasi kile kile, shilingi elfu kumi na nane. Nikazipigia mstari kwa kalamu ya kijani. Mtu wa safari safari halipwi hivyo. Halafu jumbe za WhatsApp: "Peleka 2 Nyali, rudi haraka kuna Bamburi." Zina tarehe na saa. Usizifute. Simu ikivunjika kwenye ajali, ipeleke kwa fundi uzitoe mapema.

Nikaandika barua mwenyewe, kwa Kiswahili chepesi: fulani, akiwa kazini, tarehe fulani, saa fulani, akipeleka mitungi ya kampuni kwa pikipiki ya kampuni, alipata ajali mahali fulani na kuumia hivi. Nakala tatu. Moja nikaiacha ofisini kwa tajiri, ya pili nikasimama nayo mpaka ikapigwa muhuri wa kupokelewa. Karani alisita, nikamwambia siondoki. Ya tatu nikaipeleka DOSH. Mwajiri akishapata habari ya ajali ana siku saba za kuiripoti kwa Mkurugenzi wa idara hiyo, na ile barua yenye muhuri ndiyo inayoonyesha siku hizo zilianza lini. Sheria inakubali hata taarifa ya mdomo, lakini maneno ya mdomo yana tabia ya kusahauliwa na mwenye mali.

Ofisa tuliyemkuta alikuwa kijana mtulivu, hakutuzungusha. Alipiga simu ofisini kwa tajiri pale pale mbele yetu. Fomu ikajazwa: sehemu ya mwajiri, halafu ya daktari, na daktari ndiye anayeandika asilimia ya ulemavu wa kudumu mgonjwa akishatulia. Baba watoto aliandikiwa asilimia 15, kwa sababu kifundo hakikunjiki tena kama zamani.

Hesabu yake nawawekea hapa, maana wengi wanadhani ni siri ya mawakili. Unachukua mapato ya mwezi, unazidisha kwa 96, kisha unachukua ile asilimia. Elfu kumi na nane mara 96 ni shilingi 1,728,000. Asilimia 15 yake ni 259,200. Weka hiyo kando ya zile elfu thelathini za kwenye bahasha. Dai likishapelekwa kwa mwajiri au bima yake, wana siku 90 za kulipa. Asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi ana siku 60 za kupinga.

Na sasa niwaambie lililoniuma kuliko yote. Aliyelipa mwisho hakuwa tajiri. Ilikuwa kampuni ya bima. Sheria inamlazimu kila mwajiri awakatie wafanyakazi wake bima ya ajali za kazini, na yeye alikuwa nayo siku zote hizo. Alikuwa akilipa kila mwaka. Wakati mimi nakopa kwenye chama, wakati mtoto wetu wa kwanza anarudishwa nyumbani kwa karo, bima ipo na imelipiwa, inangoja ripoti tu. Sijui kama aliogopa kupandishiwa malipo au ni uzembe. Najua tu kwamba karatasi moja ilikuwa inatosha na haikuandikwa.

Jambo lingine wanalotishiwa nalo madereva ni kosa. "Ulikuwa unakimbia." "Ulipita vibaya." Yule karani naye aliyasema. WIBA haiulizi kosa ni la nani. Ikiwa umeumia ukifanya kazi ya mwajiri, una haki, hata kama uliteleza mwenyewe bila kuguswa na gari lolote. Kinachoweza kukunyima ni utovu wa makusudi kabisa, na hata hapo, aliyepata ulemavu mkubwa au aliyekufa haki yake haipotei. Vilevile si lazima ajali iwe ya barabarani. Anayeangukiwa na gunia akishusha mzigo dukani, anayevunjika kidole na mlango wa gari, wote wamo.

Kuna watu wanaozunguka wodini na karatasi za mawakili. Mabroka. Walikuja kwa baba watoto kabla hata ya tajiri, wanataka sahihi, wanaahidi mamilioni. Msitie sahihi ukiwa umelala na dawa ya maumivu kichwani. Njia ziko mbili, na mabroka huzichanganya. Ya mwajiri inaanzia kwa Mkurugenzi, huendi kumshtaki tajiri mahakamani moja kwa moja; Mahakama ya Juu ililimaliza suala hilo tarehe 3 Desemba 2019. Ya pili ni dhidi ya mwenye gari lililokugonga au kukusababishia ajali. Hiyo ndiyo ya mahakamani, inataka abstrakti ya polisi, yaani karatasi yao ya kuonyesha ajali iliripotiwa, na P3, fomu ya polisi ambayo daktari huandika majeraha, inalipwa na bima ya gari, ambayo mwisho wake ni shilingi milioni tatu kwa mtu mmoja, na muda wake ni miaka mitatu. Njia hii ya pili haikuzuii kwenda ile ya kwanza. Lakini ile ya kwanza muda wake ni mfupi: dai la WIBA lina miezi kumi na miwili tangu ajali. Nimeona mtu aliyengojea kesi ya gari miaka miwili, akidhani hiyo ndiyo yote, na ya kazini ikampita. Kama huna uwezo wa wakili, Kituo cha Sheria wana ofisi hapa Mombasa, wanasaidia watu wasio na pesa.

Nina mama mmoja wa Mishomoroni aliyekuja saiba kuchapisha picha ya marehemu mumewe kwa ajili ya arobaini. Marehemu alikuwa akisambaza mkate alfajiri. Nilipokuwa nakata kingo za picha nikamuuliza, "Mama, alikuwa kazini?" Akasema ndiyo, kreti za mkate zilikuwa zimetapakaa barabara nzima. Nikamuuliza kama kuna mtu aliyemwambia habari ya fidia. Akaniangalia tu. Wategemezi wa aliyekufa kazini wanalipwa, na gharama za mazishi zimo, na miezi kumi na miwili yao inaanza siku ya kifo. Eda haikumzuia kumtuma shemeji yake na barua. Iko kwa Mkurugenzi sasa.

Wanaonisumbua usingizi ni hawa vijana wa programu za simu. Mkoba mkubwa mgongoni, chakula cha watu ndani. Kwao sheria hii inakwama, kwa sababu WIBA inamtambua mtu mwenye mkataba wa ajira, na masharti wanayobofya kukubali yanasema wao si wafanyakazi, ni watu wanaojitegemea. Baadhi ya kampuni zinawawekea bima ya ajali, na kama uko kwenye programu, leo hii ingia uangalie kama unayo na inalipa nini. Lakini bima ya hiari si haki. Uingereza, Mahakama yao ya Juu iliamua Februari 2021 kwamba madereva wa Uber wana haki za wafanyakazi, wala hawakuachiwa maneno ya mkataba pekee. Walitazamwa wanavyofanya kazi. Nani anapanga bei? Nani anaweza kukufungia usipate kazi kesho? Maswali hayo ukiyauliza pale Buxton, vijana waliokaa juu ya pikipiki zao wakingoja oda watakujibu kabla hujamaliza.

Mwaka 2007 hakuna aliyekuwa akiagiza kuku kwa kubofya simu Mombasa, kwa hivyo simlaumu aliyeiandika sheria. Nawalaumu wanaoiona sasa na hawaigusi. Nimemwandikia mbunge wetu barua kuomba kifungu kinachoeleza nani ni mfanyakazi kifanyiwe marekebisho, kiwashike na hawa. Nakala iko kaunta kwangu. Ukitaka kuongeza sahihi yako, njoo na kitambulisho. Na fomu ya kuripoti ajali ya kazini nitakuchapishia bila malipo.